Miti na Majani: Kijiti Chekundu cha Kinamasini

Mwezi huu nimeulizwa neno na mzazi mmoja wa kwetu, akaaye sasa Michigan, katika Marekani. Nyuma ya nyumba yake pana kinamasi, napo pameota kichaka chenye vijiti vyekundu na matunda meupe. Watoto wake hucheza karibu. Je, akikate, au akiache?

Swali hili si dogo. Katika vinamasi vya nchi ile yako mimea miwili yenye matunda meupe: mmoja ni mwema, na wa pili una sumu. Ule mwema ni wa jamii ya Cornus, jina lake Cornus sericea. Wenye sumu huitwa Toxicodendron vernix. Mafuta yake yakigusa ngozi huleta mwasho na malengelenge, na moshi wake huumiza mapafu. Kwa hiyo tazameni kwanza kwa macho tu; mikono ikae nyuma.

Alama ya kwanza ni mpango wa majani. Ya Cornus hukaa mawili mawili, yakielekeana kijitini; kila jani ni moja zima, ukingo wake hauna meno, na mishipa yake hupinda kufuata ncha. Ya mti wa sumu hupishana, moja huku, moja kule. Tena kila jani limegawanyika kuwa vijani 7 hata 13. Majani yakiisha kupukutika wakati wa baridi, tazameni makovu yao: yakielekeana, ni Cornus, yakipishana, ondokeni.

Mkiisha kuwa na hakika, ndipo mguse. Pasueni jani polepole: vipande viwili vitashikana kwa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kisha kateni kijiti, mtazame kiini chake. Kikiwa cheupe, ni Cornus sericea. Kikiwa cha kahawia, na matunda ni ya buluu, huyo ni ndugu yake, Cornus amomum, naye hapendi mahali pakavu.

Jamii hii si ngeni kwetu kabisa. Katika misitu ya milima yetu, kama Kilimanjaro, uko Cornus volkensii, nao majani yake huelekeana vivyo hivyo.

Basi jibu langu kwa mzazi yule ni hili: alama hizi zikipatana, asikikate. Mizizi yake hushika udongo wa ukingoni, ndege hula matunda yake, na wenyeji wa asili wa nchi ile wamesuka vikapu kwa vijiti vyake. Walakini alama zikikataa, asikate wala asichome moto, bali awaite wenye ujuzi.

Nanyi walimu, wafundisheni watoto kutazama kabla ya kunyosha mkono, wala wasile tunda wasilolijua. Tahadhari kabla ya hatari.