Wanaushirika, daini historia ya programu mnayoilipia

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi daftari la vyama vyetu vya msingi limehamia kwenye kompyuta, na wengi wetu tumeridhika kuwa sasa mambo ni salama. Mimi nasema bado.

Katika chama kimoja ninachokifahamu, programu ya kupokea mpunga ilikuwa ikikata kilo 2 kwa kila gunia kama uzito wa gunia tupu, wakati gunia lenyewe halizidi kilo 1. Wakulima walilalamika, fundi akarekebisha mwezi Juni, na risiti zikatoka sawasawa. Julai zikarudi kilo 2. Kwa mwenye magunia 40 hizo ni kilo 40 zilizoyeyuka. Fundi wa pili aliitwa kwenye kikao, akafungua kompyuta yake, akaapa kuwa rekebisho hilo halijawahi kufanyika. Katibu alikuwa ameshika risiti za Juni mkononi. Mnaweza kufikiria kelele zilizofuata.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Mafundi wengi hutunza maandishi ya programu kwa kutumia Git, chombo kilichoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux. Git huandika kila badiliko: nani kafanya, lini, na nini kiliguswa. Fundi wa pili alikuwa ameanza kazi yake kwenye nakala ya zamani, kabla ya rekebisho. Siku ya kuunganisha kazi zao mbili, faili zikagongana, naye akachagua faili lake lote. Rekebisho la mwenzake likafukiwa bila kelele.

Hapa ndipo penye mtego ambao hata mafundi wazuri hunasa. Ukiiuliza Git historia ya faili moja kwa amri ya kawaida ya git log, hupita njia ya mkato. Ikiona kuwa faili la leo limetoka upande mmoja tu wa muungano, huufuata upande huo na kuuacha ule mwingine. Rekebisho lililozikwa halionekani kabisa, utadhani halikuwahi kuwepo. Ni mpaka uongeze maneno --full-history ndipo pande zote mbili zinapojitokeza. Rekebisho letu lilipatikana hivyo, tarehe na jina juu yake.

Aidha, asije mtu akakwambia mabadiliko ni mengi mno kuyapekua. Amri ya git bisect hugawa historia nusu kwa nusu. Katika mabadiliko 1,000 majaribio 10 hivi yanatosha kumpata mkosaji. Ila kuna kumbukumbu nyingine, reflog, ambayo hubaki kwenye kompyuta ya fundi mwenyewe na haisafiri na nakala. Usipobadilisha mipangilio, kazi iliyoachwa bila kuunganishwa hukaa humo siku 30 tu kabla haijaruhusiwa kufutwa. Kwa hiyo anayesubiri mkutano mkuu wa mwaka ndipo alalamike, amechelewa.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wakubwa. Basi na watazame yaliyowapata wakubwa. Novemba 2003, mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili kwenye nakala mojawapo ya maandishi ya Linux. Alama moja ya "sawa na" iliwekwa mahali pa mbili, na hiyo ingempa mwenye kujua siri mamlaka yote juu ya kompyuta. Aligunduliwa kwa sababu badiliko lile halikuwa na kumbukumbu inayolingana nalo katika daftari kuu. Daftari lilikuwa mikononi mwa wenye mali, wakalinganisha, wakaona.

Sisi je? Mikataba mingi niliyoiona inasema fundi atakabidhi programu inayofanya kazi, basi. Historia inabaki kwake, na akihama mji au mkigombana inaondoka naye. Kwa maoni yangu malipo ya mwisho yasitoke kabla chama hakijapokea nakala kamili ya historia, siyo maandishi ya leo peke yake, na nakala hiyo iongezwe kila marekebisho yanapofanyika. Git ni ya bure na nakala inaingia kwenye flashi. Mwenye duka la pembejeo aliyetengenezewa programu ya stoo anaweza kudai vivyo hivyo. Fundi anayekataa aeleze kwa nini.

Kikao cha chama kile cha kujadili fidia ya kilo za Julai bado hakijaitishwa. Risiti za Juni anazo katibu.