Aliyeambiwa Atakufa Hapandi Kahawa

Mwaka 2003 tulimzika mume wangu migombani, nyuma ya nyumba yetu hapa Nkwenda, wakati huo tungali Wilaya ya Karagwe, kabla Kyerwa haijawa wilaya. Toka siku hiyo niliacha kupanda kahawa. Mche wa robusta hukaa kama miaka mitatu ndipo ukupe cha kuuza, na mimi hiyo miaka mitatu sikuwa nayo. Nikapanda maharage. Hayo hukomaa kwa miezi mitatu, niliona nitayawahi.

Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Wengine waliuita Juliana, wengine silimu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, Hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka ishirini baadaye tulikuwa tumezika mpaka siku za matanga tukazipunguza. Tungekaa msibani kila siku, nani angelima?

Nasikia mahubiri kwamba mtu akikiona kifo hutulia, akatubu, akaithamini kila asubuhi. Labda. Mimi niliona watu wakiuza kahawa ingali maua. Sisi tunaiita butura: mnunuzi anakupa vijisenti leo, mavuno yote yake. Serikali imeipiga marufuku na viongozi wa ushirika hutukaripia kwamba ni ujinga. Wengi huifanya kwa shida ya ada na njaa. Lakini kwa mtu anayejua msimu hataufikia, butura ni hesabu sahihi kabisa. Jirani yangu aliuza shamba zima hivyo, akaezeka bati nyumba yake ya nyasi. Alitaka asikie mvua ikipiga bati lake mwenyewe. Aliisikia, masika moja.

Nami nikapimwa mwaka 2005, nikiwa na kilo 39. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure nchini mwaka mmoja tu nyuma. Nilizianza, mwili ukarudi, watu wakashangaa. Mimi kilichonishangaza ni kujikuta asubuhi moja nachimba mashimo ya kahawa. Shemeji yangu akasimama pembeni, akaniangalia weee, kisha akauliza:

"Shemeji, hiyo unampandia nani?"

"Najipandia."

Wanaopima faida ya dawa hizi huhesabu roho zilizookolewa. Wahesabu na miche. Kahawa ile imemsomesha kitinda mimba wangu sekondari. Wenzangu wa kliniki wamepanda miti ya mbao, wamejenga, wameandika wosia wakiwa na kitu cha kugawa. Vidonge hivyo vilitupa uzima, vikatupa na ujasiri wa kusema "mwaka kesho kutwa".

Ndiyo maana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, mimi sikuangalia idadi ya vidonge tu. Vyangu nilivipata. Lakini kwenye benchi la kliniki mwenzangu mmoja, mwenye afya kunishinda, alininong'oneza kwamba amemwita mtu wa butura akaone maua. Dawa hazikuwa zimekatika, yeye alikuwa ameshaanza kuishi kwa miezi mitatu mitatu.

Tunao Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti Ukimwi, ulianzishwa mwaka 2015. Ujazwe kwa fedha zetu wenyewe, na sehemu itoke hata kwenye kahawa yetu. Sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kukubali kukatwa. Na serikali itutangazie akiba ya dawa kwa miaka ijayo, waziwazi, vijijini huku. Mtu hawezi kulima zao la miaka mitatu huku uhai wake ukingoja tangazo la Washington.

Nina miche 60 kitaluni inasubiri mvua. Wabunge wakikaa kwenye bajeti, waifikirie hiyo.