Ruzuku ya mbolea: orodha ibandikwe kijijini



Nina dukuduku kuhusu mbolea ya ruzuku huku Itiryo, wilayani Tarime.

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua ruzuku hii mjini Mbeya, Nane Nane ya 2022, tulishukuru. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umevuka shilingi 130,000, ulishushwa hadi 70,000. Kwa mwenye ekari mbili za mahindi na migomba kidogo, unafuu huo sina ubishi nao.

Ninacholalamikia ni usiri wa daftari la wanaochukua mbolea hiyo. Ruzuku hii mkulima haishiki mkononi. Tunajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, tunataja ukubwa wa shamba, tunapewa namba. Kwa wakala wa mbolea unalipa bei pungufu, namba inaingizwa kwenye mfumo, na tofauti inafidiwa na Serikali. Maana yake namba yangu ni fedha, na mtu anaweza kuitumia nisijue.

Masika iliyopita nilifika dukani na hela yangu, nikaambiwa nimeshachukua mifuko yote ya kupandia. Lini? Wapi? Muuzaji hakuwa na jibu. Nilikopeleka malalamiko niliambiwa nisubiri wataalamu wa mfumo, wakati mvua imeshaanza. Nikanunua kilo chache za kupima kwa bei ya mtaani, sehemu kubwa ya shamba ikapandwa bila mbolea. Gulioni nikakuta wenzangu wana kisa kilekile.

Haya si mageni. Enzi za vocha za pembejeo, zilizoanza msimu wa 2008/09, wakulima walilalamika kusainishwa vocha bila kupewa mbolea. Serikali ilipokuja kuhakiki madeni ya mawakala, ilikuta madai ya kughushi. Karatasi zimeondoka, simu zimeingia, lakini mkulima bado haoni kilichoandikwa kwa jina lake.

Tunaambiwa ujumbe wa simu wa kumjulisha mkulima unatosha. Hautoshi. Wapo wazee walioandikishwa kwa namba za wajukuu waliokwisha kwenda mjini, na huku mpakani kuna mahali simu hunasa mtandao wa Kenya kuliko wa kwetu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kila mwezi wa msimu, ofisi ya kijiji ibandike orodha: jina la mkulima, mifuko aliyochukua, tarehe na duka. Kisha isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Huku tunafahamiana, asiye na shamba akiandikiwa mifuko ishirini, mkutano hautanyamaza.

Atakayesema hizo ni siri za watu, nimuulize: mbona wasiochangia ujenzi wa darasa majina yao hubandikwa na kusomwa hadharani? Kama michango yetu si siri, kodi yetu inayorudi kwa majina yetu nayo isiwe siri.

Muda si mrefu tutaitwa tena kuhuisha taarifa zetu kwa ajili ya msimu ujao. Nawaomba viongozi wa kata na halmashauri watubandikie kwanza orodha ya msimu uliopita, ndipo watuite.



Mkulima wa mahindi,
Itiryo, Tarime, Mara.