Kitanda Kikilia, Usicheke. Kikaze.

Ukitafuta YouTube namna ya kunyamazisha mbao inayolia, utaletewa Wamarekani wamepiga magoti juu ya sakafu zao. Wenzetu wanatembea juu ya mbao. Sisi huku Likoni, Kisauni na Changamwe nyumba nyingi sakafu ni simiti, haina la kusema. Kwetu kinacholia ni kitanda.

Najua mshaanza kucheka. Utani wa kitanda cha kelele hauishi mtaani. Lakini mimi nasema hili si la utani, ni la heshima.

Angalia nyumba tunazokodi. Nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na watu wake. Nyingi kuta za ndani hazifiki kwenye paa. Hewa inapita juu, na sauti inapita na hewa. Kitanda kikilia chumba cha kwanza, chumba cha nne wanasikia. Kuna mtu katoka shifti ya usiku anataka kulala mchana. Kuna mdogo wako ana mtihani asubuhi. Kuna waliooana juzi, wanaogopa hata kujigeuza. Halafu tunaambiwa tuzoee!

Kwa nini tuzoee? Mbao hailii kwa sababu ya uzee. Inalia kwa sababu kitu kimelegea na vitu viwili vinasuguana: mbao kwa mbao, au mbao kwa msumari. Pwani hewa ina unyevu mwingi. Masika mbao inanywa unyevu inavimba, kaskazi ikikausha inasinyaa. Kila mzunguko, tundu la msumari linalegea kidogo. Na kama kitanda kilitengenezwa kwa mbao mbichi, basi mbao inakaukia chumbani kwako na viungo vinaachana ukiwa umelala juu yake.

Dawa yake ni kazi ya jioni moja. Toa godoro. Mmoja atikise kila pembe, mwingine asikilize kelele inatoka wapi. Bolti zikaze kwa spana. Msumari uliolegea usiugonge tena, maana utatoka tena. Ung'oe, utie skrubu nene kidogo kuliko tundu. Kiungo kilichopanuka kitie gundi ya mbao, ukibane kwa kamba mpaka asubuhi. Zile mbao za chini zinazobeba godoro, pale zinapogusa fremu paka nta ya mshumaa au sabuni kavu ya mche, au tegesha kipande cha ndara kuukuu. Mafuta ya kupikia usiguse: mbao ikishayanywa, gundi haishiki.

Hao Wamarekani na sakafu zao hawafanyi kubwa zaidi ya hili. Wanakaza mbao kwenye boriti kwa skrubu, wanamwaga poda kwenye nyufa, kelele kwisha.

Wengine watasema nunua cha chuma. Chuma nacho kina bolti, zikilegea kitalia vilevile. Wengine watasema nunua kipya. Kwa bei gani? Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, na mpaka Rais anatangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, sote tulikuwa tushaona mbao si kitu cha kuchezea. Kitanda kizima kutupwa kwa sababu ya skrubu nne ni hasara.

Na kuna watakaosema nawanyima mafundi riziki. La hasha. Fundi mpe kazi ya fundi: mwambie akutengenezee kitanda cha mbao kavu, chenye bolti na skrubu, si misumari mitupu. Halafu umlipe. Sisi wenyewe tunambana fundi kwenye bei mpaka anakubali shingo upande, halafu tunashangaa kitanda kulia baada ya miezi mitatu. Ulitaka apunguze wapi? Kapunguza kwenye mbao na kwenye viungo, mahali usipopaona dukani ila utapasikia usiku.

Kwa hivyo leo jioni toa godoro. Spana kama huna, gonga mlango wa jirani uazime. Atakupa mbio, maana yeye ndiye anayekisikia hicho kitanda kila siku.