Chupa ya Chai Si Ushahidi wa Utajiri

Chai si anasa. Nasema mapema, ili asiyetaka kubishana afungue ukurasa mwingine.

Si mnayajua yale mafunzo ya bajeti ya nyumbani. Vijana na akina mama tunaitwa, tunakaa kwenye viti vya plastiki, na ukutani inabandikwa karatasi kubwa yenye safu mbili. Huku "mahitaji", huku "anasa". Nimehudhuria mara tatu, sehemu tofauti, wakufunzi tofauti. Mara zote tatu unga na sabuni viliingia kwenye mahitaji. Mara zote tatu chai na sukari vilitupwa kwenye anasa, pamoja na soda na sigara. Iliki, mdalasini na karafuu hazikupata hata nafasi ya kujitetea. Mama mmoja aliuliza, "Na nikipata mgeni?" Akaambiwa mpango mzuri wa pesa unahitaji nidhamu.

Halafu ikafika saa nne. Kila kitu kikasimama. Tukaenda kunywa chai.

Sitanii. Mafunzo yanayotuambia chai ni anasa yana saa nzima ya chai kwenye ratiba yake, imeandikwa na imelipiwa. Hakuna aliyesema wakufunzi hawana nidhamu. Kila mtu alielewa kwamba watu wakikaa pamoja kuanzia asubuhi wanahitaji kikombe cha moto ili akili irudi. Sasa swali langu ni moja tu: hicho kitu kinachoitwa hitaji chini ya hema la mafunzo, kinageukaje anasa kikivuka barabara na kuingia nyumbani kwangu?

Mtu ataniambia, kijana, watu wamepunguziwa chakula na wewe unaandika habari za iliki? Ndiyo, na sababu ni hiyo hiyo. Tangu 2025 kaya za Kakuma na Kalobeyei zimegawanywa kwa makundi. Anayehesabiwa kuwa na shida zaidi anapata zaidi, na anayehesabiwa kuwa anajiweza hapati. Hapo ndipo kila kitu ndani ya nyumba kilianza kuonekana kama shahidi. Kwenye bloki yetu kuna mama ambaye akisikia kuna watu wanapita na tableti kuuliza maswali, anasukuma chupa yake ya chai chini ya kitanda. Chupa yenyewe ni kuukuu, kifuniko kimefungwa na kitambaa. Hakuna aliyemwambia aifiche. Lakini aliambiwa darasani kwamba chai ni ya watu wenye ziada, na yeye si mjinga, amejumlisha mwenyewe.

Hicho ndicho kinachoniuma. Sukari kuadimika tumezoea. Mtu kuona haya kwa sababu amechemsha chai nyumbani kwake, hilo sitaki tulizoee.

Tuanze na historia, maana wengi wanadhani chai ya viungo ni kitu cha hoteli kubwa. India, mwanzoni mwa karne ya 20, wenye biashara ya majani walitaka watu wa kawaida wanywe chai kwa wingi. Wachuuzi wa barabarani na wa stesheni wakaikubali, lakini kwa ujanja wao: majani kidogo, maziwa na sukari zaidi, na juu yake viungo kama tangawizi na iliki, ili maji yapate nguvu bila kumaliza majani. Wakubwa wa majani wakanung'unika kwamba hiyo si namna sahihi ya kutengeneza chai, kwa sababu majani yanatumika machache. Mnaona? Viungo vilikuwa njia ya maskini ya kubana matumizi. Na hata wakati ule alikuwepo mtu mwenye karatasi wa kumwambia maskini kwamba anakosea.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Wahindi zaidi ya elfu thelathini walikuja kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na mapishi yao yakaja nao. Majani yakapandwa Limuru mwaka 1903, na leo Kenya ni kati ya nchi zinazouza chai nyingi zaidi duniani. Pwani walikuwa na karafuu za Zanzibar na iliki zamani. Kwa hiyo kikombe chako cha chai ya viungo kimepitia mikono ya vibarua, wachuuzi na mabaharia. Matajiri walikikuta njiani.

Sasa tazama Kakuma yenyewe. Kambi hii ilianza 1992 na watoto na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, halafu wengine wakafuata kutoka kila upande. Sisi hatuna kabila moja, hatuna dini moja, hata Kiswahili chetu kila mtu ana chake. Lakini ukiingia kwa Msomali utapewa chai yenye iliki na karafuu zilizopondwa, tamu mpaka meno yanalia. Kwa Muethiopia utapewa ya rangi, ina harufu ya mdalasini, kwenye glasi ndogo. Msudani ataweka tangawizi. Sisi wa Kivu tutakutafutia mchaichai uliooteshwa pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa. Waturkana, wenyeji wetu wanaotuletea kuni na makaa, nao ukiwauliza watakuambia mgeni bila chai hajapokelewa. Kama kuna kitu kimoja tunachokubaliana wote hapa, ndicho hicho. Kuna mikutano mingi ya kuishi kwa amani na majirani. Mimi nafanya kazi na vijana, na nakuambia ugomvi mwingi wa uwanjani niliouona ukiisha uliisha mbele ya sufuria.

Sasa gharama. Iliki ni ghali, nakubali. Ndiyo maana hakuna anayenunua kwa kilo. Tunanunua punje chache kwenye kikaratasi, na tunajua kuzitumia. Hebu nieleze hatua kwa hatua, mtu wa bajeti aone kama kuna ufujaji.

Kwa vikombe vinne: iliki nne, karafuu tatu, kijiti cha mdalasini urefu wa kidole, na tangawizi ukubwa wa dole gumba. Nunua viungo vizima, usinunue unga wa masala wa kwenye mfuko usio na jina, maana kilichosagwa huwezi kujua kimechanganywa na nini. Ponda kidogo tu, ganda la iliki lipasuke. Usitupe hilo ganda, nalo lina harufu. Kama kuni ni chache, na lini zilikuwa nyingi, loweka mdalasini na karafuu kwenye maji usiku kucha, asubuhi vitatoa nguvu yake haraka. Chemsha maji na viungo peke yake dakika tano, sufuria imefunikwa. Kufunika ni kuni ulizookoa. Ndipo weka majani, vijiko viwili vidogo, dakika mbili au tatu, basi. Majani yakichemka sana yanatoa uchungu, halafu unaongeza sukari kuuficha. Mwenye sukari kidogo asichemshe majani muda mrefu. Hiyo nayo ni bajeti.

Maziwa yanaingia mwisho. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, kwa hiyo lazima ichemke kwanza, la sivyo utapata mabonge na utamlaumu muuza maziwa bure. Kama ni maziwa ya unga, koroga pembeni na maji kidogo kabla ya kumimina. Hakuna maziwa? Kunywa ya rangi, weka ndimu ukipata. Kijiti cha mdalasini kioshe, kianike, kitatumika tena kesho. Halafu mimina kwenye chupa, na hapo ndipo ile chupa inayofichwa chini ya kitanda inapofanya kazi yake: unawasha moto mara moja asubuhi, familia inakunywa mpaka mchana. Huwezi kunifundisha kuokoa kuni na wakati huohuo ukaita chupa ya chai mali ya mtu wa ziada.

Na jua la hapa? Mchana joto linaweza kufika digrii 35 na kupita, nani anataka kitu cha moto? Kwetu Kongo tuna tangawisi, kinywaji baridi cha tangawizi, kwa hiyo viungo ndani ya kitu cha baridi si jambo geni kwangu. Chai baridi ni hivyo hivyo. Tengeneza ya rangi, viungo na majani mara mbili ya kawaida, weka sukari ikiwa bado ya moto kwa sababu kwenye baridi haiyeyuki vizuri, chuja, kisha ongeza maji safi yaliyochemshwa na kupozwa. Usiweke maziwa, kwa joto hili yataharibika. Mimina kwenye chombo safi chenye kifuniko, kizungushie gunia lililolowa maji, kiweke kivulini penye upepo. Hewa ya Turkana ni kavu, maji ya kwenye gunia yanakauka haraka na yanapokauka yanaondoka na joto. Ukinunua barafu dukani na hujui imegandishwa na maji gani, izungushe nje ya chombo, usiitumbukize ndani. Inyweke siku hiyohiyo. Ikifanya ukungu baada ya kupoa, usiogope, ni majani tu.

Vijana wa kikundi chetu walipendekeza kuuza hiyo chai baridi wakati wa mechi, badala ya soda. Walijibiwa na ofisi moja kwamba hiyo si biashara, watafute wazo linalokua. Haya. Kila siku tunaambiwa tujitegemee. Mama anayewauzia chai vijana wa bodaboda asubuhi anajitegemea. Mwenye duka la viungo anajitegemea. Ukiwafundisha wateja wao wote kwamba chai ni anasa, na wakakusikiliza, umefunga biashara ambazo hazikuomba hata shilingi ya ruzuku.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ninayoiheshimu, ile ya wahudumu wa afya. Wanasema chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga. Ni kweli. Na hapa ambapo nyama ni habari ya sikukuu na upungufu wa damu unawasumbua wajawazito na watoto, ni kweli yenye uzito. Lakini tazama wanavyolieleza: usinywe wakati wa kula, subiri kama saa moja, na watoto wadogo wasipewe chai mahali pa chakula. Huo ni ushauri. Unaniheshimu, unaniambia sababu, unaniacha na kikombe changu. Ile karatasi ya ukutani haikutoa sababu yoyote. Ilinipa jina tu: mfujaji. Na kama hofu ni sukari, sawa, tufundishane kupunguza. Mdalasini na iliki vinaipa chai utamu wa harufu, ukizitia vizuri kijiko kimoja cha sukari kinatosha pale ambapo zamani viliingia vitatu.

Na ninyi wenzangu wa kambi, msipige makofi mkidhani nimemaliza. Kuna baba anayekunywa vikombe vitatu hotelini kila jioni akijadili siasa za nchi aliyoikimbia, na nyumbani mkewe anaambiwa sukari imeisha. Huyo naye ameifanya chai anasa, anasa yake peke yake. Chai ninayoitetea ni ya nyumbani, inayopita kwa kila mtu. Na kijana wa kiume anayesubiri dada yake atoke kuteka maji ndiyo awashe jiko, mapishi umeyasoma hapo juu. Hakuna hatua pale inayohitaji mwanamke.

Kwa ninyi mnaovaa vitambulisho shingoni, siwaombi sukari. Ninaomba mambo mawili. La kwanza, futeni hilo neno anasa kwenye mafunzo, muwaulize watu wenyewe nini wakikikosa nyumba yao inaacha kuwa nyumba. Mtashangaa majibu, na mengine yatakuwa ya bei ndogo kuliko soda mnazotugawia. La pili, kwa anayepita nyumba kwa nyumba na tableti: ukikaribishwa kikombe, kunywa au kataa kwa adabu, lakini usihesabu. Anayekukaribisha anaweza kuwa amekopa yale majani kwa jirani dakika tano kabla hujafika, kwa sababu alikuona unakuja, na kwao alilelewa kwamba mtu haingii mlangoni akatoka na koo kavu.

Na mama wa bloki yetu, chupa itolewe chini ya kitanda. Kile kifuniko nina waya, nitakuja kukifunga vizuri.