Kizuri Kinachotembezwa

Wasomaji, upande wa kwanza mmekwisha kuusikia. Umesemwa redioni, umechapwa kwenye vipeperushi vya shule, umerudiwa kwenye mikutano ya wazazi hadi umekuwa kibwagizo: muziki hukuza ubongo wa mtoto, humwongezea akili na kumfunza kujitawala. Sina ugomvi na muziki. Ugomvi wangu ni na ushahidi unaoletwa kuutetea. Tuupitie mmoja mmoja, ninyi mkiwa mahakimu.

Dai la kwanza: kichanga akisikilizishwa Mozart, akili yake itanoleka. Chimbuko lake ni utafiti wa Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la Nature. Watu 36 walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakapimwa uwezo wa kuwazia maumbo. Alama zao zilipanda, na faida hiyo ikayeyuka ndani ya robo saa. Humo hamkuwa na mtoto hata mmoja; walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Hata hivyo, mwaka 1998 Zell Miller, gavana wa Georgia nchini Marekani, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekewe muziki wa aina hiyo nyumbani. Anayeijua njia ya kutoka robo saa ya mtu mzima hadi maisha mazima ya kichanga, atuonyeshe.

Dai la pili linatoka kwa watetezi makini zaidi. Wao husema kusikiliza tu hakutoshi, faida imo katika kujifunza. (Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba dai la kwanza limekanwa na upande uleule.) Shahidi wao bora ni Glenn Schellenberg, aliyechapisha mwaka 2004 matokeo ya watoto 144 wa miaka sita mjini Toronto. Waligawanywa kwa kura: kundi moja kibodi, la pili kuimba, la tatu maigizo, la nne halikufundishwa kitu. Mwaka wa masomo ulipokwisha, alama za kipimo cha akili za waliosoma muziki zilikuwa zimepanda kwa pointi 7, za wengine kwa pointi 4.3. Ni utafiti mzuri, na siusingizii. Lakini hesabu ni hesabu: zaidi ya nusu ya pointi zile 7 walizipata hata wasiosoma muziki. Kinachobaki kwa muziki ni pointi 2.7. Nao huo ni utafiti mmoja. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 zenye watoto 6,984. Walikuta kwamba kadiri utafiti ulivyopangwa kwa uangalifu, ndivyo faida ilivyopungua, na palipokuwa na kura pamoja na kundi la kulinganisha lililofundishwa jambo jingine, faida ilikaribia sifuri. Wapo wataalamu waliozichambua upya takwimu hizo na kudai kwamba athari ndogo inabaki. Sawa, ndogo. Vipeperushi havikuahidi kidogo.

Dai la tatu: watazameni wanaopiga ala, mbona ndio wanaofaulu shuleni? Ni kweli, mara nyingi hufaulu, na hapo ndipo mtego ulipo. Nani hulipia masomo ya piano? Mara nyingi ni nyumba yenye vitabu, yenye mzazi anayekagua daftari kila jioni na mtoto ambaye tangu awali hachoki kudadisi. Mtoto huyo angefaulu hata angefundishwa kusuka ukili. Nchini Sweden, Miriam Mosing na Fredrik Ullén pamoja na wenzao waliitazama hoja hii kwa pacha wa kufanana, watu wenye urithi mmoja na malezi mamoja. Pacha aliyefanya mazoezi ya muziki kwa saa nyingi zaidi hakumzidi mwenzake katika kipimo cha akili.

Dai la nne huja na picha za rangi: tazameni, ubongo wenyewe umebadilika! Umebadilika, naam. Mwaka 2009 Krista Hyde na wenzake walionyesha kwamba miezi 15 ya masomo ya kibodi iliacha alama kwenye ubongo wa watoto wa miaka sita. Alama hizo zilikuwa wapi? Katika sehemu zinazohusika na kusikia na kutumia vidole. Na watoto waliwazidi wenzao katika nini? Katika wepesi wa vidole na kutambua sauti na mapigo. Katika vipimo vilivyo mbali na muziki hawakuwazidi. Ubongo hubadilika kwa kila kinachozoezwa: mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliripoti tofauti katika ubongo wa madereva wa teksi wa London, waliokariri maelfu ya mitaa. Sijaona kipeperushi kinachowashauri wazazi wawapeleke watoto kwenye udereva wa teksi.

Dai la tano, kujitawala, ndilo lenye nguvu kuliko yote, nami nalipa haki yake. Nchini Venezuela, mpango wa El Sistema ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 ulichunguzwa kwa kura: watoto 2,914 wa miaka 6 hadi 14, vituo 16, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kujitawala kuliongezeka kweli, ingawa kwa kiasi kidogo. Sasa endeleeni kusoma ripoti ileile: kwa watoto wote kwa jumla, uwezo wa akili haukuongezeka. Mpango uliosifiwa kwa kuwakomboa maskini uliwavutia zaidi wasio maskini: umaskini ulikuwa asilimia 16.7 miongoni mwa walioomba nafasi, na asilimia 46.5 katika majimbo yao. Kisha rudini Toronto. Katika utafiti uleule wa Schellenberg, walioboreka katika tabia za kuishi na wenzao walikuwa watoto wa maigizo. Wa muziki hawakuboreka. Mahakimu, mmeliona hilo? Shahidi wa akili anakana tabia. Shahidi wa tabia anakana akili. Watetezi wamewaita wote wawili kizimbani siku moja, wakitumaini hatutawauliza maswali.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muziki ni kizuri, na wanaoupenda ndio wanaoutembeza mitaani kama dawa ya mitishamba itibuyo magonjwa arobaini. Siku mpanga bajeti atakapozisoma tafiti hizi na kuona hesabu hazipandi, atalifuta somo la muziki, na hoja ya kulifutia atakuwa amepewa na watetezi wenyewe.

Katika kesi hii nzima, liko jambo moja ambalo utafiti wa Hyde haukulikana na wala Sala na Gobet hawakulipunguza: mtoto anayefundishwa udi vizuri, kwa miaka, hatimaye hupiga udi. Ajabu ni kwamba watetezi hawakulileta mbele yenu.