Wasee, Matokeo ya Arsenal Tunayo Tayari

Jumapili, taarifa ya saa moja usiku. Siasa imekwisha, ajali imekwisha, tangazo la unga limepita mara mbili. Mtangazaji anatabasamu: "Na sasa michezo." Arsenal wameshinda. Chelsea wametoka sare. Kuna tetesi kwamba straika fulani anahama. Dakika tatu, kisha hali ya anga, kwaherini.

Hivi nani alikuwa akingoja habari hiyo? Mechi ilichezwa Jumamosi. Niliitazama kibandani, nikawachokoza mashabiki wa Man U kwenye WhatsApp, nikaliona lile bao mara sita kwenye simu kabla ya kulala. Kesho yake mtu aliyevaa suti ananisomea matokeo kwa sauti nzito, kana kwamba ananifichulia siri.

Nina haki ya kulalamika kwa sababu mtu aliyeandika maneno ya yule mwenye suti nilikuwa mimi. Nilifanya kazi miaka miwili katika dawati la michezo la kituo kimoja hapa Nairobi. Mara nyingi hatukuwa hata na haki za kuonyesha mechi zenyewe. Tulisoma matokeo juu ya picha mnato, tukatafsiri tovuti za Uingereza, tukaita hiyo kazi.

Siku moja kocha wa timu ya wasichana kutoka mtaa mmoja wa Eastlands alinipigia simu. "Brathe, kuja uone. Kiwanja kimezungushiwa mabati usiku." Nikaenda na mpiga picha. Kweli, mabati mapya yanang'aa, na askari wa kulinda mlangoni. Wasichana walikuwa wanafanya mazoezi barabarani, wakipisha matatu kila dakika. Mmoja wao, mdogo tu, akaniambia, "Hapa tunacheza na matatu, na matatu haina refa."

Nilirudi ofisini nikijua nina stori. Mhariri wa michezo akaitazama, akasema, "Kijana, hii ni mambo ya ardhi. Peleka kwa watu wa habari." Nikapeleka. Mhariri wa habari hakuinua hata macho: "Wasichana na mpira? Hiyo ni ya michezo." Jioni hiyo dakika zetu tatu zilikwenda kwa tetesi za mchezaji mmoja wa Ulaya ambaye hata hakuhama. Leo pale kiwanjani pana ghorofa.

Nikiwasikia wakubwa wa vyumba vya habari wakisema michezo ya hapa nyumbani haina watazamaji, ndipo damu hunichemka. Mmejuaje? Hamkuipika, hamkuipakua, halafu mnasema wageni hawaipendi.

Tukumbuke Agosti 2025. Mashindano ya CHAN yalipokuja Kenya, Tanzania na Uganda, Harambee Stars wakiwa wachezaji 10 waliifunga Moroko 1-0 pale Kasarani. Nchi nzima ilisimama. Hadi Madagaska ilipotutoa kwa penalti kwenye robo fainali, hakuna aliyekuwa akiuliza habari za Arsenal. Na yale yalikuwa mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee. Ryan Ogam, aliyelifunga lile bao, alikuwa akichezea Tusker, hapa hapa. Lakini siku ile watu waliulizana, "Manze, huyu ametoka wapi?" Alitoka kwenye ligi ambayo runinga zetu huipa sekunde 20 zikikumbuka. Watazamaji walikuwepo wakati wote. Waliokosekana ni nyinyi.

Au chukueni Junior Starlets. Mwaka 2024 wasichana hawa wa chini ya miaka 17 walikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, huko Jamhuri ya Dominika, na wakaifunga Mexico. Taja majina matatu ya wachezaji wale. Ukishindwa, usijilaumu sana. Hukuambiwa.

Mnasema pia kwamba michezo si habari nzito. Mwaka 2013 wanasiasa walioingia madarakani walikuwa wameahidi viwanja vitano vipya vya kimataifa. Hiyo ni ahadi ya pesa za umma, na mwandishi wa michezo ndiye anayejua nyasi zilipaswa kuota wapi. Sakata la fedha za Olimpiki ya Rio 2016 lilimfikisha aliyekuwa waziri wa michezo kizimbani. Hiyo ni michezo au ni habari? Ni vyote viwili, na ndiyo maana ule ukuta kati ya madawati mawili ulinigharimu stori yangu na ukawagharimu wale wasichana uwanja wao.

Ila nisiwapige mawe wakubwa peke yao. Sisi waandishi tulijimaliza. Tulienda kwenye mikutano ya mashirikisho, tukapewa "nauli", tukarudi na stori tamu kama maandazi. Hatukuuliza makocha walilipwa lini mara ya mwisho. Mtu anayemeza nauli hawezi kuuma.

Sasa mtaniambia kamera ni ghali. Sawa. Wapeni waandishi simu nzuri na nauli halali ya kwenda Ziwani wakati wa Koth Biro, mashindano ya mtaani ambako watu hujaa hadi ukutani. Nendeni Kakamega, nendeni Mombasa. Kila wiki nileteeni mchezaji mmoja nisiyemjua, kiwanja kimoja kinachonyemelewa, na swali moja kwa shirikisho lisilotaka kulijibu. Zile dakika tatu zinatosha. Na ile ya Arsenal, iandikeni pale chini ya skrini ipite kama bei ya dola.

Ukiwa mkubwa wa habari, hii si sadaka. Kitu ambacho kila simu inacho hakiuzi. Kitu ambacho ni wewe tu unacho kinauza. Hata mama mboga anajua hilo: hawezi kuuza sukuma kwenye mtaa ambao kila mtu ana shamba lake.

Yule kocha hanipigii tena. Anarekodi mwenyewe kwa simu yake, anaposti TikTok: mazoezi yao ya barabarani, wasichana wakipisha matatu, wakicheka, wakifunga mabao kati ya mawe mawili. Nilichungulia juzi. Majirani wanatoa maoni, wazazi wanabishana kuhusu nani apige penalti, watu wanauliza mechi ijayo ni lini na wapi.

Kwa hivyo wakubwa wakiuliza watazamaji wameenda wapi, waambieni wamemfuata kocha.